Cheti cha Msitu Kisimsahau Mkata Miti

Siku chache zilizopita tulinunua katoni ya karatasi kwa ajili ya kuchapa gazeti letu hili. Mwenzetu mmoja, seremala wa miaka mingi, alikuwa amekuja ofisini kulipa ada yake ya uanachama. Aliigeuza katoni ile huku na huku, kisha akatuuliza: "Huu mti mdogo uliochorwa hapa ubavuni maana yake nini?" Tulimjibu kwamba ni alama ya cheti cha msitu. Inamwambia mnunuzi kwamba miti iliyotumika kutengeneza karatasi hii ilikatwa kwa mpango, na kwamba msitu wenyewe haukuangamizwa. Akafikiri kidogo, akasema: "Sawa, mti umepata cheti. Na yule aliyeukata, yeye amepata nini?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Tumeona tulitafute pamoja nanyi, kwa sababu swali hilo si la karatasi ya kutoka ng'ambo tu. Linatuhusu sisi tunaopasua mbao, tunaopiga randa, tunaopakia magogo na tunaopanda miche hapa Burundi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengi wetu hatujapata kuelezwa. Katika miaka ya 1980 wanunuzi wengi wa Ulaya na Marekani walianza kuzikataa mbao za nchi za joto kwa sababu misitu ilikuwa ikifyekwa ovyo. Mwaka 1992 serikali za dunia zilikutana Rio de Janeiro, lakini hazikuafikiana juu ya mkataba wa misitu wenye nguvu ya sheria. Mwaka uliofuata, 1993, watu wa mashirika ya mazingira, wafanyabiashara wa mbao na wawakilishi wa jamii walikutana mjini Toronto, Kanada, wakaunda Baraza la Usimamizi wa Misitu, linalojulikana kwa herufi zake FSC. Mwaka 1999 likaundwa shirika la pili, PEFC, ambalo lilianzishwa Ulaya na wenye misitu midogo.

Utaratibu wa cheti ni huu. Mwenye msitu hukubali kufuata kanuni zilizowekwa: akate kiasi ambacho msitu unaweza kurudisha, alinde maji na udongo, aheshimu haki za wenyeji na za wafanyakazi. Mkaguzi kutoka nje huja kutazama kama ndivyo ilivyo. Cheti cha FSC hudumu miaka mitano, na kila mwaka mkaguzi hurudi. Kisha kila anayeinunua na kuiuza mbao ile njiani, awe mwenye kiwanda cha kupasua, mfanyabiashara, au mwenye kiwanda cha samani au cha karatasi, naye sharti awe na cheti chake na daftari lake, ili mbao yenye alama isichanganywe na mbao ya wizi. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, alama haiwezi kupigwa.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Ndani ya baraza hilo la FSC wanachama wamegawanywa katika vyumba vitatu vyenye kura sawa: chumba cha uchumi, chumba cha mazingira na chumba cha jamii. Vyama vya wafanyakazi mahali pao ni katika chumba cha jamii. Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa ujenzi na mbao, BWI, lililoundwa mwaka 2005, ni mwanachama humo. Kwa hiyo cheti cha msitu si mali ya wenye makampuni peke yao. Kiti chetu kipo, lakini je, tunakikalia?

Sasa turudi hapa Bujumbura. Pita Buyenzi asubuhi, au Bwiza, au Kamenge: utaisikia mashine ya randa kabla hujaiona karakana. Mbao za misonobari na za mikaratusi zinashuka kutoka milimani. Mbao ngumu nyekundu, libuyu, inatoka Kongo, kwa barabara ya Gatumba au kwa ziwa. Muulize fundi mbao hii ilikatwa wapi, ilikatwa na nani, kwa ruhusa ya nani. Atakuambia aliinunua kwa fulani, na fulani yule aliinunua kwa fulani mwingine. Habari inaishia hapo. Hatumlaumu fundi, kwa sababu hakuna aliyemwomba daftari. Lakini mbao isiyo na asili ni mbao ambayo siku yoyote inaweza kuzuiliwa barabarani, na hasara ikamwangukia yeye, wala si tajiri aliyeileta.

Na msitu ukiisha, sisi ndio wa kwanza kuumia. Kibira, hifadhi yetu ya taifa yenye hekta zipatazo 40,000, ndiyo inayolinda maji ya bwawa la Rwegura. Tangu mwaka 1986 kituo cha bwawa hilo, chenye uwezo wa megawati 18, kimekuwa kikiipatia nchi umeme. Maana yake ni kwamba umeme unaozungusha misumeno yetu mjini unatoka, kwa sehemu yake, katika miti ile ile ambayo mwizi angependa kuipasua. Anayekata Kibira usiku anaizima mashine yake mwenyewe mchana.

Mashamba ya miti nayo tunayajua. Serikali iliyapanda katika miaka ya 1970 na 1980, na mengi yaliteketea au yakakatwa ovyo katika miaka ya vita iliyoanza mwaka 1993. Mwaka 2018 ulianzishwa mpango wa kupanda miti unaoitwa Ewe Burundi Urambaye, yaani Burundi ivikwe tena nguo yake. Wengi wetu tumechimba mashimo na kubeba miche katika kazi za pamoja za Jumamosi. Miti hiyo ni jasho letu. Tuna haki ya kuuliza itakatwa lini, na nani, na kwa faida ya nani.

Tena yako mambo yanayokuja kutoka nje, tupende tusipende. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka mbao, karatasi, kahawa, kakao na mazao mengine yanayoingia katika masoko yake yathibitishwe kwamba hayakutoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba yalizalishwa kwa kufuata sheria za nchi yanakotoka, pamoja na zile za kazi. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo ni dhahiri. Kahawa ni miongoni mwa mazao makuu tunayouza nje. Leo ni kahawa inayoulizwa asili yake, na kesho itakuwa meza na mlango. Asiyejiandaa atafungiwa soko, kisha ataambiwa kosa ni lake.

Je, cheti kinasema nini juu ya mfanyakazi? Katika kanuni kumi za FSC zinazotumika sasa, kanuni ya pili ni haki za wafanyakazi na masharti ya ajira. Na tangu mwaka 2021 hata viwanda na wafanyabiashara walio katika mnyororo wa mbao zenye alama wanatakiwa kuonyesha mambo manne: hakuna kazi ya watoto, hakuna kazi ya shuruti, hakuna ubaguzi, na wafanyakazi wana uhuru wa kuunda chama chao na kujadiliana na mwajiri. Mambo hayo yametoka katika mikataba ya Shirika la Kazi Duniani. Burundi iliuridhia mkataba namba 87 wa uhuru wa vyama mwaka 1993, na namba 98 wa haki ya kujadiliana mwaka 1997. Basi hapo cheti hakituletei jambo geni. Kinamdai mwajiri kile ambacho nchi yetu ilikwisha kukiahidi.

Lakini tusijidanganye. Agizo la Serikali la mwaka 1988 liliweka mshahara wa chini wa faranga 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko. Kwa zaidi ya miaka 30 kiwango hicho hakikuguswa, na faranga 160 hazinunui hata yai moja. Mkaguzi akija na daftari lake na kuuliza, "Je, unalipa kima cha chini cha sheria?", mwajiri atajibu kwa kinywa kipana kwamba analipa mara nyingi zaidi, wala hatakuwa amesema uongo. Mkaguzi ataweka alama ya vyema, ataondoka, na mpasua mbao atarudi nyumbani na njaa. Sheria iliyokufa haiwezi kuwa kipimo cha haki, hata ikipigwa muhuri wa Ulaya.

Tutazame na vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaingiza mavumbi ya mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Ingia katika karakana zetu uone ni wangapi waliofunika pua zao kwa kitu kingine kuliko kitambaa cha shati. Na vidole je? Mwenzetu mmoja, katika karakana ambayo hatutaitaja, alipoteza vidole viwili kwenye msumeno usiokuwa na kinga. Hakuwa na mkataba, wala hakuwa ameandikishwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Alichopewa ni nauli ya kwenda hospitali. Tulimchangia sisi wenyewe, wavujajasho wenzake, kila mmoja kwa alichokuwa nacho. Sasa tuseme mbao alizokuwa akipasua zilitoka katika msitu unaotunzwa vizuri kupita yote duniani. Je, meza ile ingestahili kuitwa safi?

Tuna mifano miwili ya kujifunzia, na yote miwili ni ya majirani zetu.

Mfano wa kwanza unatoka Kilwa, pwani ya kusini ya Tanzania. Huko unaota mpingo, mti mweusi wa thamani unaotengenezewa zumari za Ulaya na vinyago vya Wamakonde. Kwa miaka mingi wanavijiji waliuona mti wao ukipita juu ya lori, wao wakabaki na vumbi la barabara. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ilivipa vijiji nafasi ya kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009, kwa msaada wa mradi wa kuhifadhi mpingo, vijiji vya Kikole na Kisangi vikaingia katika cheti cha FSC cha kikundi, cha kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji. Hebu angalieni neno hilo: cheti cha kikundi. Kijiji kimoja kisingeweza kumlipa mkaguzi. Cheti kilishikwa na mradi kwa niaba ya vijiji, na vijiji vingine vikapata nafasi ya kujiunga baadaye bila kuanza upya. Kila gogo liliandikwa ili liweze kufuatwa kutoka sokoni hadi kwenye kisiki chake. Wanyonge waliposhikana waliweza kukipata kile ambacho kilidhaniwa kuwa ni cha makampuni tu.

Mfano wa pili ni wa huzuni, nao unatoka Kongo. Mwezi Mei 2011, katika kijiji cha Yalisika, jimbo la Équateur, wanakijiji walikuwa wamegombana na kampuni ya mbao ya Siforco kwa sababu ya ahadi za jamii ambazo walisema hazikutimizwa. Askari na polisi walikivamia kijiji. Mtu mmoja alikufa, wanawake walibakwa, watu walipigwa. Siforco ilikuwa tanzu ya kampuni ya Danzer, ambayo ilikuwa mwanachama wa FSC, na ilidaiwa kwamba magari ya Siforco ndiyo yaliyowabeba askari wale. Malalamiko yalipelekwa kwenye baraza, na mwaka 2013 FSC ikavunja uhusiano wake na Danzer. Mwaka 2014 ikairudisha.

Tunajifunza nini? Kwamba alama ile haikumlinda mtu yeyote wa Yalisika siku ile. Kilichofanya kazi baadaye ni malalamiko ya watu waliokataa kunyamaza, na mahali pa kuyapeleka. Alama bila watu waliojipanga nyuma yake ni rangi tu juu ya boriti.

Wako wenzetu wanaosema tuachane na jambo hili kabisa. Wanatoa sababu tatu, nazo zina uzito.

Wanasema mkaguzi analipwa na yule anayekaguliwa. Ni kweli, na wazee wetu walisema kesi ya nyani hapewi ngedere. Lakini dawa ya mkaguzi anayesinzia ni mfanyakazi aliye macho. Mkaguzi anakuja siku chache kwa mwaka, nasi tuko pale kila siku. Tukiwa na chama mahali pa kazi, hatadanganywa kwa barakoa mpya zilizogawiwa asubuhi ya ukaguzi na kukusanywa jioni.

Wanasema pia kwamba hapa kwetu zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za nishati inatoka kwenye kuni na makaa, kwa hiyo miti mingi inakwenda jikoni, haiendi kiwandani. Hilo nalo ni kweli, na cheti cha mbao na karatasi hakitapika chungu cha maharage. Tunahitaji majiko bora, umeme wa bei nafuu na miti ya kuni iliyopandwa kwa makusudi hayo. Hata hivyo, kazi hiyo haituzuii kujua mbao zetu zinatoka wapi.

Tena wanasema huu ni ukoloni mamboleo: mzungu aliyemaliza misitu yake sasa anatufundisha kutunza yetu. Tunaielewa hasira hiyo, na sehemu yake ni haki. Lakini mkoloni angefurahi zaidi kama tungekaa nje ya chumba, tukiachia masharti yaandikwe na wengine kisha tukaletewa. Mwaka 1998 shirikisho la wafanyakazi wa mbao la wakati ule lilitia sahihi makubaliano na kampuni ya samani ya IKEA juu ya haki za wafanyakazi wa viwanda vinavyoiuzia. Hawakupewa zawadi wale, walikaa mezani wakadai.

Basi, sisi tunadai nini? Tunaona mambo matano.

Kwanza, kila karakana na kila ghala la mbao liwe na daftari: mbao zimetoka wapi, kwa nani, lini, kwa kibali gani. Daftari halina gharama kubwa, na huo ndio mwanzo wa cheti chochote.

Pili, wapasua mbao, maseremala wadogo na wakulima wenye vipande vya miti huko milimani wajiunge katika vikundi na vyama vya ushirika. Peke yake, mwenye mikaratusi mia mbili hatamlipa mkaguzi maisha yake yote. Wakiwa wengi, kama kule Kilwa, njia ipo.

Tatu, popote mkaguzi anapofika, azungumze na wafanyakazi bila mwajiri kuwapo, na chama cha wafanyakazi kipewe nakala ya taarifa yake. Aulize juu ya kinga za misumeno, vumbi, mikataba na hifadhi ya jamii, wala asiridhike na kile kima cha mwaka 1988. Na kima hicho, Serikali, waajiri na vyama vyetu hawana budi kukaa na kukiweka upya.

Nne, gharama ya cheti isikatwe katika mshahara wa mfanyakazi, na ikiwa mbao yenye alama inauzwa kwa bei nzuri zaidi, sehemu ya faida hiyo imfikie aliyeikata na aliyeipasua.

Tano, Serikali, ambayo inanunua madawati, milango na karatasi, iwe ya kwanza kuuliza asili ya mbao na hali ya wafanyakazi kabla ya kulipa. Mnunuzi mkubwa akiuliza, wauzaji wote watajifunza kujibu.

Ndugu wafanyakazi, mambo haya hayatatimia kwa siku moja. Lakini daftari linaweza kuanza Jumatatu, na kinga ya msumeno inaweza kudaiwa Jumatatu hiyo hiyo. Yule ndugu yetu seremala atarudi mwezi ujao kulipa ada yake. Tungependa kumwonyesha orodha ya karakana zilizokwisha anza, hata kama ni tatu tu, na kumwuliza kama ya kwake iwe ya nne.

Kabla hujaiandikisha mbao yako, ndugu, jiandikishe wewe mwenyewe katika chama chako. Mti hauwezi kujisemea, na mkata miti asiyejisemea hatakuwa na wa kumsemea.